Kitoto cha ngedere na mwana wa Zabibu

Ukasha, wallahi haya ni kweli tupu, hata mimi mwenyewe siamini.

Asubuhi nilimkuta Zabibu, mke wa mjukuu wangu Ismaily, analinda mahindi na mwanawe mgongoni. Ngedere akapita, kitoto kimemng'ang'ania tumboni. Nikamwambia, "Cha juzi hicho. Ngedere huzaliwa ubongo umekaribia kukamilika. Wako miezi miwili, shingo bado haijakaza. Kashapitwa na ngedere."

Mzaha tu. Kashapitwa na ngedere.

Kumbe mkwewe Sihaba, mama yake Ismaily, yuko nyuma yetu. "Basi huyo si wa ukoo wetu. Mrudishe kwenu Ruaruke."

Zabibu akaenda kufunga nguo, analia bila sauti.

Ndipo Ismaily, aliyekuwa akipalilia karibu, akanitazama. "Babu, Ijumaa ulitusomea gazetini yote, mimi na mzee Ukasha. Ubongo wa mtu huzaliwa mchanga, ukakulia nje ya tumbo, ndiyo maana mtu humpita ngedere. Nusu hiyo leo umeificha wapi?"

Ikabidi nimsimulie Sihaba nusu hiyo, Ukasha. Akamwambia Zabibu afungue nguo zake, nami adhabu yangu ikawa kulinda mahindi badala yake.

Sasa niko juu ya dungu shambani, nalinda mpaka mavuno. Zabibu kanikabidhi debe la kugonga kuwatisha ngedere, akasema, "Usisinzie, babu. Ubongo wako ulishakamilika."