Mrija wa Asekenye

Kwapa, Tororo

Mama yangu, shikamoo. Nakuandikia nikinuka ulezi hadi kwenye nywele, na nimeshinda!

Unajua nimekuja huku mpakani kuchunguza simu zimebadilisha vipi maisha ya watu. Tangu nifike, akina mama walinipa karanga na tabasamu. Nikiuliza swali, wananiongezea karanga tu. Leo Mama Amoding, mwenyeji wangu, amenialika kwenye ajono, pombe ya ulezi ambayo wote mnakunywa kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Nikaona kigoda kitupu, na mrija usio na mtu. Nikakaa, nikavuta.

"Wewe! Nani anakunywa na mrija yangu?"

Sauti ilitoka kwenye simu iliyoegemezwa ukutani. Ni Asekenye, mdogo wake Mama Amoding, anayefanya kazi Dubai. Kila Jumapili wanamwekea kigoda na mrija, wanampigia kwa video, naye anapiga soga nao hadi chungu kiishe.

Watu walicheka hadi machozi. Asekenye mwenyewe ndiye aliyeamuru: "Mpeni huyo mrija yake, huyo ni mtu ya kwetu sasa." Basi Mama, hapo ndipo midomo ilipofunguka, wakasimulia mpaka mkono wangu ukafa ganzi kwa kuandika!

Nawe uliapa kwamba simu zimeua kutembeleana. Ile niliyokununulia itoe kabatini, uichaji. Nimeshakuombea kigoda. Jumapili wanakusubiri.

Nakukumbatia kwa nguvu zote,
mwanao Rehema