Asubuhi Pikipiki Ilipokataa Kuwaka

Baba Zubeda, mume wangu,

Tangu tulipokuzika huko kwenu Kwashemshi, sijamsimulia mtu habari za asubuhi ile mwanzo hadi mwisho. Zubeda akiuliza, mimi humwambia tu kwamba baba yake aliugua tumbo, tukachelewa. Njia ile tulikuwa sisi wawili, kwa hiyo naisema kwako.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa hapa Kwedizinga, wewe, bwana shamba, ulikuja na pikipiki kuukuu ya kazini. Ilikuwa na tabia zake. Ikishika joto ilikataa kuwaka, na siku za mvua ilipiga chafya tu. Vipuri havikupatikana, basi plagi ile ile uliisugua kwa msasa, ukairudisha, kesho ukaitoa tena. Mimi nilikushikia spana, mpaka siku moja ukaniachia niifungue mwenyewe. Shangazi zangu walinuna, wakasema Mshambaa amemgeuza binti yao fundi. Ukawaamkia kwa heshima, ukawaambia mkono wangu ni mwepesi kuliko wako. Hata kuiendesha ulinifundisha, kwenye njia ya shamba la kijiji, ukikimbia nyuma umeshika kiti, ukicheka mpaka pumzi zikakuishia.

“Usiipige kiki kwa hasira,” ulikuwa ukiniambia. “Iulize kwanza. Ina petroli? Ina moto? Inapata hewa?”

Masika yale tumbo lilikushika alfajiri. Kulipopambazuka ulikuwa umejikunja mkekani, jasho linakutoka, huwezi hata kumeza maji. Lori la kijiji lilikuwa limekwenda Tanga kuchukua mbegu. Mzee Mhina, mwenyekiti wetu, alisema utafutwe mkokoteni. Nikamwambia nitakupeleka hospitali Korogwe mwenyewe.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena, ikakohoa, ikafa.

Nikaiuliza kama ulivyonifundisha. Petroli ilikuwamo tangini. Nikaifungua plagi, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikapiga kiki, cheche ikaruka. Moto upo. Nikasafisha chujio la hewa, nikajaribu tena, haikuwaka. Nilikusikia ukiguna ndani ya nyumba. Ndipo nikafungua bakuli la kabureta, pale petroli inapopita kwenda kwenye injini. Chini yake matone ya maji yalikuwa yametulia, yanang'aa kama shanga. Mvua ilikuwa imeingia kwenye pipa la mafuta la kijiji, nasi tulijaza tangi kutoka humo bila kujua. Nikamwaga maji yote ya chini ya tangi mpaka ikatoka petroli tupu, nikafuta bakuli kwa upindo wa kanga, nikafunga. Ikawaka. Lakini jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Mzee Mhina alikupandisha, akakufunga mgongoni kwangu kwa kanga mbili. Zubeda tulimwacha kwa shangazi, analia. Barabara ilikuwa tope tupu. Nilikuwa nakusemesha nawe unaitikia kwa kuguna, na kidevu chako kilikuwa begani kwangu. Tulipoupanda mwinuko wa kwanza ukaniambia sikioni, “Sasa inaunguruma vizuri.”

Hukusema tena. Nilidhani maumivu yamepoa, umesinzia. Nilihisi umekuwa mzito, nikataka kusimama nikutazame, nikaogopa injini ikizimika haitawaka tena. Basi sikusimama. Nilipita mashamba ya mkonge, nikavuka mto, nikaingia mjini huku nikikuambia tumefika, mume wangu, tumefika.

Muuguzi alifungua kanga, akakulaza, akakuwekea mkono shingoni. Alinishika bega akaniita dada. Injini ilikuwa bado inaunguruma uani. Alimwomba mtu aizime.

Ndugu zako walikuja siku ile ile na gari la kukupeleka Kwashemshi. Tulipokuwa tunapanda, bwana shamba mwenzako wa Korogwe alifika kuichukua pikipiki. Alipiga kiki mara moja tu, ikawaka. “Mashine nzima hii,” akasema, akaondoka nayo. Hakuwa na ubaya, hakujua. Lakini hapo ndipo nilipokaa chini uani, wakanibeba kuniingiza garini.

Sasa mimi ni bibi. Korogwe pikipiki zimejaa, zinawaka kwa kubonyeza kidole. Baada yako watu waliniposa, nikakataa, nao wakasema nina kiburi. Ukweli ni kwamba usiku huwa bado nakuhesabia pumzi, kama vile ungali umelala kando yangu.

Njia ile nimeipita mara nyingi kwa basi. Kila safari hukaa dirishani, natazama kila mwinuko na kila kona, nikijaribu kupajua mahali uliponiacha. Mpaka leo sijapajua.

Pumzika, mume wangu. Udongo wa kwenu usikulemee.

Mkeo,
Mama Zubeda