Kilio cha Kukhu kwenye Klarineti ya Nekesa

Jumanne, 2 Septemba 2025

Solo imeenda, ile sehemu ya kupuliza mtu peke yake. Miaka tisa nimepuliza klarineti kwa hii bendi, na leo Mwalimu Titus amempa Nekesa mbele ya kila mtu, akiendelea kunywa chai. Hata kikombe hakuweka chini.

Wimbo ametunga mwenyewe kwa ajili ya tamasha la tarehe ishirini. Unaanza na muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, unaingia blues ya Wamarekani Weusi, na chini yake Khisa anagonga ngoma za isukuti. Titus anasema jazz ilikua hivyo kule Amerika: Myahudi amefika na klarineti yake, Mweusi ametoka kusini na blues yake, wamekutana mjini, kila mmoja akasikia mwenzake analia kama yeye. "Hao watu hata harusini wanapuliza kama wanalia," akasema. "Nataka klarineti ikwame kooni."

Nikapuliza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Safi sana, Awinja." Safi — kama anasifu sahani.

Akapuliza Nekesa. Khisa akasahau kugonga.

Amekuja juzi tu huyu, Januari, kutoka Lugari. Vidole virefu, kucheka ovyo. Kila mtu Nekesa, Nekesa. Sitaandika kwamba anapuliza vizuri.

Jumapili, 7 Septemba

Anapuliza vizuri.

Tangu nitoke kanisani nimekaa hapa chumbani kwangu Shirere natafuta ile sauti. Nimelegeza mdomo, nimekaza, nimebadilisha kale kamwanzi kanakotetemeka mdomoni. Inatoka kama bata. Jirani, mwanafunzi, amegonga ukuta. Halafu akaja mlangoni na adabu zake zote kuuliza kama niko mgonjwa.

Nimemwambia ndiyo. Na si uongo. Tangu Jumanne chakula hakipiti.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimejua ameitoa wapi!

Baada ya mazoezi Nekesa alininunulia chapati, akanikalisha, akasema anataka kunishukuru. Kunishukuru mimi! Akatoa simu, akaniwekea sikioni. Ilikuwa Kukhu.

Kukhu wangu. Nyanya yangu mzaa baba, akimlilia baba kule Musanda mwezi wa nne, siku tulipomzika. Bendi ilikuja kupiga matangani, Nekesa akiwa nao, na kumbe simu ilikuwa inarekodi. "Omwana wanje, Osiako," mwanangu Osiako, anamwita baba, halafu pale sauti inapanda, inakatika, inarudi chini. Ni ile ile. Amelala nayo sikioni miezi yote hii mpaka ikaingia vidoleni.

Akasema hajapata mwalimu kama Kukhu. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hata ubaya hana, huyu. Angekuwa nao ningepata nafuu.

Nikamwambia aache iendelee. Kwetu anayelia haachwi alie peke yake. Akiita, binti wa nyumba hiyo anamjibu, ndipo naye apumzike. Siku hiyo nilijibu mimi. Nilijibu mpaka sauti ikaisha. Nikangoja kujisikia kwenye simu. Kimya. Nekesa akasema hapo alikata, kwa sababu kulikuwa na kelele.

Kelele ndiyo mimi.

Chapati yake nilimaliza. Nimetembea mpaka nyumbani na swali moja: kilio hicho nimekisikia tangu nizaliwe, damu ni yangu, klarineti ninayo. Kwa nini kimenipita kikaenda kwake?

Ijumaa, 12 Septemba

Khisa amemuuliza Titus: kati ya Myahudi na Mweusi, nani alipata jina kubwa? Titus akakuna ndevu. Akasema walifundishana, lakini milango ilifunguka haraka zaidi kwa mwenye ngozi nyeupe. Halafu akaongeza kwamba wako Wayahudi waliofunguliwa mlango wakakataa kuingia bila wenzao Weusi. Nekesa akaandika yote.

Mimi nilibeba nusu ya jibu. Ile iliyonifaa: kwamba kilio ni cha mmoja, jina ni la mwingine.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimempigia Kukhu simu. Aje Jumamosi, binamu yangu Shitanda atamleta kwa gari lake la Probox. Akauliza nitapiga nini. Nikamwambia, utasikia.

Sikumwambia atasikia nini. Namjua Kukhu. Mtu akimwigiza hata anavyotembea, anashika fimbo. Sasa asikie kilio chake cha matanga kinapigiwa makofi na watu wenye soda mkononi, na anayekipuliza ni mtoto wa wenyewe! Atasimama. Atamwambia Nekesa maneno ambayo hatasahau, na solo itarudi nyumbani.

Leo nimekula obusuma na ingokho, ugali na kuku, nikaongeza.

Jumamosi, 20 Septemba — nyuma ya pazia

Ukumbi umejaa. Kukhu yuko safu ya mbele, kitambaa chake kijani cha Jumapili, mkoba magotini, fimbo kando. Kabla sijapanda aliniwekea mkono kifuani, akasema baba yangu angefurahi leo. Nikaangalia viatu vyake.

Nyimbo zangu nimemaliza, nitarudi jukwaani kwa wimbo wa mwisho, baada ya huu wa Nekesa. Naandika juu ya sanduku la klarineti nikingoja. Kuna tundu kwenye pazia, naona.

Wameanza. Ile ya harusi inaenda, watu wanapiga makofi. Sasa blues. Titus anapunguza, Khisa anapunguza.

Nekesa amelia.

Mungu wangu, amelia kweli. Na Kukhu amesimama — nilijua! Ameshika fimbo. Ngoja.

Hajamtukana mtu. Fimbo ameiacha ikaanguka. Anaita. "Omwana wanje, Osiako." Anaita kwa sauti yake mwenyewe. Nekesa ameshusha klarineti, anadhani ameharibu. Titus mikono hewani, hajui aipeleke wapi. Khisa peke yake bado anagonga, polepole.

Kukhu ameita tena. Nekesa anamwangalia, Kukhu hamwangalii hata kidogo. Anaangalia hili pazia.

Hawajui. Wote pale mbele hawajui kwamba anangoja kujibiwa. Kwenye simu hapo ndipo palipokatwa.

Nikikaa kimya, wimbo unafia hapo, na Jumanne Titus atanirudishia solo. Hilo ndilo nililotaka, hilo ndilo nililomletea Kukhu kutoka Musanda. Nikijibu, itakuwa solo nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga, na watu watasema ni ya Nekesa. Hata leo nikimwangalia pale kwenye taa, taa hiyo naitaka iwe yangu. Sijapona.

Ya tatu. Sauti yake imeanza kuchoka. Shitanda anajaribu kumkalisha, anakataa.

Kamwanzi kako mdomoni mwangu tayari. Sijui nimekaweka saa ngapi. Kalamu bado iko mkononi. Naiweka chini, Kukhu, nakujibu