Uji wa Mke Wangu Una Dawa, na Yeye Hajui

Shangazi mpendwa, pokea salamu zangu, na tafadhali nisaidie upesi, maana mke wangu anasafiri Jumamosi na mimi usingizi umenikimbia.

Mimi ni fundi wa makochi, karakana yangu iko nyuma ya nyumba, na mke wangu ni mwalimu wa hesabu ambaye sasa yuko likizo ya uzazi kwa sababu Mungu ametujalia binti, mtoto wetu wa kwanza, mnene, mcheshi, akikutazama tu anacheka mpaka unasahau ulichokuwa unatafuta. Nampenda mke wangu, Shangazi, nalisema hili mwanzo ili usinifikirie vibaya huko mbele. Alipojifungua presha ilimpanda vibaya sana, akavimba uso, akawa ananitazama kama hanijui, na tangu siku ile nikisikia neno presha nakimbilia kumtazama usoni. Alipopata nafuu akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku, na muuguzi akaniita pembeni akaniambia, "Baba, huyu asiudhiwe." Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Hivi mume wangu, dawa hii haiingii kwenye maziwa?" nikamjibu, "Daktari si mjinga, wewe meza tu," tukacheka, nikajua yameisha.

Kumbe wapi. Nilikuwa nimemtengenezea kiti cha kunyonyeshea, cha mikono mipana na sponji nzuri, na siku moja kikaanza kulia, nikakigeuza juu chini nikaze springi, vidonge vikadondoka sakafuni, vizima, vile vile alivyotakiwa awe amevimeza, kumbe kila asubuhi anakichomeka kimoja kati ya mto na ubavu wa kiti. Nikavirudisha kama vilivyokuwa, na kesho yake nikamsikia chumbani anamwambia mtoto, "Nyonya mwanangu, usiogope, karatasi ya kwenye boksi imesema dawa inapita kwenye maziwa, mama haimezi, maziwa yako ni safi." Shangazi, nililia pale mlangoni, na sikujua naingia nimwambie nini, kwa sababu nikimgombeza presha itapanda, na nikimwacha presha itapanda.

Basi nikatafuta njia ya tatu. Uji wa jioni ninampikia mimi. Akienda kuoga natia mkono kwenye kiti, nachukua kidonge cha siku hiyo, nakifunga kwenye kipande cha ngozi, nakigonga kwa mpini wa nyundo mpaka kiwe unga, nakikoroga kwenye uji wake na sukari ya kutosha. Anakunywa, anapangusa mdomo, ananiambia, "Uji wako una mkono, mume wangu, tangu nijifungue umekuwa mtu mwingine." Siku moja aliubakisha, mama yangu aliyekuja kutusaidia akataka kuumalizia, ikabidi nijifanye nimejikwaa nikaumwaga wote, na mpaka leo mama ananiita kiguu kizito.

Sasa juzi tulienda kliniki, presha ikakutwa nzuri, muuguzi akamsifu. Tulipotoka nikamkuta anawanong'oneza wenzake kwenye benchi kwamba yeye hajameza hata kimoja na wanaona wenyewe yuko salama. Nyumbani akanifanyia hesabu kabisa, "Vidonge sifuri, presha nzuri, kwa hiyo dawa sikuihitaji." Akavitoa vyote kwenye boksi akavitupa, akakiri kwangu kwamba alikuwa hamezi, akaniomba msamaha kwa kunificha. Ameniomba msamaha, Shangazi! Mimi!

Na Jumamosi anakwenda kwa mama yake na mtoto, akae huko mpaka likizo iishe. Huko nani atamkorogea uji? Vipo vile vidonge vya mwanzo vilivyobaki ndani ya kiti, nimefikiria kuvisaga nichanganye na mfuko wa sukari, nimkabidhi mama mkwe, nimwambie hii ni sukari ya mzazi, asile mwingine. Lakini nikimtazama binti yangu ananyonya najiuliza pia, je, kama mke wangu ndiye aliye sahihi na mimi ndiye ninayemdhuru mtoto? Nishauri. Yeye hasomi gazeti hili, anasema limejaa umbea.

Ni mimi, Fundi Nisiyelala.

*

Fundi, mke wako ana haki ya kusema lolote kuhusu gazeti letu, na jibu hili nimekutumia kwa simu kabla halijachapwa, kwa sababu Jumamosi haingojei mtu.

Nimesoma barua yako nimecheka, halafu nilipofika kwenye sukari nikaacha kucheka. Mwanangu, wewe una akili zako kweli? Unataka kumpa mama wa watu mfuko wa dawa ya presha auweke jikoni karibu na majani ya chai? Atakapoonja mwenyewe, atakapomkaribisha mgeni, akaanguka mtu, utajikwaa tena? Hivyo vidonge visisagwe. Vipeleke kliniki kama vilivyo.

Na hata huo uji ukome leo. Nimeongea na daktari wa akina mama kabla sijashika kalamu, naye nilipofika kwenye habari ya nyundo akaniomba nirudie. Vipo vidonge vilivyotengenezwa ili viachie dawa taratibu siku nzima. Ukiviponda, dawa yote inaingia mwilini kwa mkupuo, presha inashuka ghafla, na mama anaweza kuzirai mtoto akiwa mikononi. Hukulijua hilo, lakini ndiyo maana hukutakiwa kuponda kitu usichokijua. Wewe ponda misumari.

Kuhusu mtoto, sikiliza vizuri. Ni kweli dawa nyingi hupita kwenye maziwa, na ile karatasi ya kwenye boksi haikumdanganya mkeo. Isichomwambia ni kiasi gani. Daktari anasema dawa nyingi za presha wanazopewa wanaonyonyesha hupita kidogo sana, na mama anaendelea kunyonyesha bila wasiwasi. Nyingi, sikusema zote. Ndiyo maana anayetoa dawa lazima aambiwe kwamba mama ananyonyesha, mtoto ana umri gani, kama alizaliwa kabla ya wakati au ni mgonjwa, na mama anatumia nini kingine, pamoja na mizizi na majani ya kuchemsha. Kama dawa moja haifai, ipo nyingine. Hukuniandikia hata jina la kidonge, kwa hiyo usitegemee nikuhukumie hapa.

Lakini lipo jambo ulilolipita mbio kwenye barua yako, nami limeniuma. Mkeo aliuliza. Aliuliza swali la maana kuliko yote, njiani, siku ile ile ya kwanza, na wewe ukampa mzaha. Mwalimu wa hesabu akikosa jibu hulitafuta mwenyewe, naye akalipata kwenye karatasi, akaogopa peke yake kwenye kiti chako kizuri. Usimwite mkaidi. Alikuwa tayari kufa ili mtoto anywe maziwa safi, na wewe ulikuwa tayari kuwa mwongo ili asife, na wote wawili mnalala kitanda kimoja. Nawapenda nyote, lakini mmenichosha.

Na ile hesabu yake, vidonge sifuri presha nzuri, yeye hakukosea. Wewe ndiye umemficha namba. Sasa anaamini amepona, anawaambia na wenzake, na uji ukikoma hatakuwa na dawa yoyote, tena kwa kukatisha ghafla. Huo ndio moto, mengine yote ni moshi.

Kwa hiyo leo, mtoto akishashiba, keti chini umwambie. Usianze na "nilikuwa nakuwazia", anza na "nimekuwa nikikuwekea dawa kwenye uji bila kukuuliza". Mwambie na ya mlangoni, kwamba ulilia. Atapiga kelele. Unaogopa kelele zitapandisha presha, nami nakuambia kelele hupita, ila presha isiyo na dawa haipiti. Kesho asubuhi nendeni kliniki wote watatu. Mbele ya muuguzi useme ulichokifanya, kwa kinywa chako, uaibike kidogo, ni haki yako. Apimwe upya. Halafu yeye aulize lile swali lake, na wewe ukae kimya mpaka ajibiwe akaridhika. Akipewa dawa, ameze kwa mkono wake, akijua anameza nini, kidonge kizima kama kilivyo. Na wale wenzake wa kwenye benchi waambiwe ukweli, wasije wakaacha dawa zao kwa sababu ya uji wako.

Akiumwa kichwa kisichotulia, akiona maruweruwe, akishindwa kupumua vizuri au akiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, msingoje asubuhi, kimbilieni hospitali. Na mtoto akiwa anasinzia kupita kawaida, au anakataa ziwa, mpelekeni akaangaliwe. Msiamue nyumbani kuacha dawa wala kuacha kunyonyesha.

Safari itasogezwa mbele mpaka daktari aseme sawa. Mama mkwe atalalamika, mpigie wewe mwenyewe umwambie kosa ni lako.

Najua unachokiogopa hasa. Unaogopa kwamba akijua, hatakunywa tena kitu kutoka mkononi mwako. Huenda, kwa muda. Mpikie hata hivyo, uonje kwanza mbele yake, kila siku, mpaka achoke kukutazama. Afadhali akununie jikoni mwezi mzima, Fundi, kuliko apande basi Jumamosi akikupungia mkono anacheka, akidhani amepona.