Kiti Chako Kiko Sebuleni

Crisanto,

Wali uko kwenye sufuria, samaki nimewafunika. Ligaya ale kabla ya shule, na umsuke nywele vizuri.

Kile kiti chekundu cha magari ya mashindano ulichonifungia garini nimekitoa. Miezi mitatu nimepeleka abiria Baguio kule mlimani nimekikalia, nikishuka siwezi kunyooka. Daktari amesema tatizo ni kiti. Nilipokuambia asubuhi hii, ukacheka: "Kiti hakina kosa, mke wangu. Ni uzee huo. Mwachie mdogo wangu usukani." Kisha ukageuka ukalala.

Basi nikachukua spana, nikarudisha kiti cha zamani mwenyewe. ~~Nisamehe kwa kelele.~~ Siombi msamaha.

Nina miaka arobaini na mbili. Kona za mlima ule nimezikata miaka kumi na moja. Mdogo wako hagusi gari langu.

Dawa ya kuchua usiitupe, bado naihitaji. Nguo zianue mvua ikianza.

Nimezunguka mtaa mara mbili kukijaribu kiti. Nimeshuka bila kushika mlango, mgongo umenyooka.

Mama Ligaya, dereva