Mnavu wa Kilima cha Vomero

Vomero, Napoli
Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Kwanza niambie habari za goti: bado linakusumbua ukiteremka mtoni? Baba je, na mvua, na yule ng'ombe mweusi mkorofi? Mimi ni mzima, ingawa palikuwa na wasiwasi, nitakueleza. Nyaboke mdogo wangu, unayemsomea Mama kwa Kikisii, usiruke mistari kama kawaida yako.

Kilima hiki ninakosomea uuguzi kingekufurahisha. Mji uko chini kando ya bahari, sisi tuko juu, kama nyumba zetu zilivyo juu ya mto. Kupanda kuna ngazi za mawe zisizoisha, au treni inayoingia ndani ya kilima na kuvutwa kwa kamba ya chuma hadi juu. Nimeipanda mara tatu bila shughuli yoyote, nikitaka tu kujua hiyo kamba imefungwa wapi. Kileleni kuna ngome iliyochongwa kwenye mwamba, na chini yake nyumba kubwa nyeupe ya watawa wa zamani walioishi bila kuzungumza. Nyaboke, wewe wangekufukuza kabla ya chai.

Zamani kilima chote kilikuwa mashamba ya mboga. Sasa ni maghorofa. Limebaki shamba moja nyuma ya bweni letu, la Mzee Gennaro, dogo kama uwanja wa kuanikia wimbi.

Mama, acha nikiri. Tangu nifike, chakula cha hapa kilikuwa hakinipiti kooni. Sare ilinipwaya, nikaandika barua kwamba narudi bila kumaliza masomo. Nilikuwa naipeleka posta nilipomwona Mzee Gennaro aking'oa magugu na kuyarundika kando ya njia. Kumbe ni mnavu! Rinagu letu lenyewe, laini kabisa! Nikatia barua mfukoni, nikaanza kuchuma.

"Tupa, binti, hiyo ni sumu!" akapiga kelele.

"Mzee, hii ni mboga ya kwetu. Mama ndiye aliyenilea nayo."

Niliuchemsha jikoni kwetu, nikamwaga maji ya kwanza, nikatia maziwa. Nilikula huku nalia. Mzee na mkewe walileta viti wakakaa mlangoni, wakingoja kuona nitaanguka saa ngapi. Baadaye mzee akaomba jani moja. Mkewe akafanya ishara ya msalaba. Mzee akatafuna, akakunja uso, akaomba la pili.

Tangu siku hiyo ananiachia mstari mzima bila kuupalilia. Mkewe naye hunipikia mboga zao za maua ya manjano. Zina uchungu kidogo kama zetu, na zinashuka kooni.

Lakini shamba limeuzwa. Krismasi ikipita, watajenga ghorofa. Mzee amenikaushia mbegu za mnavu kwa mikono yake, nami nimezikunja ndani ya karatasi hii. Najua mtacheka, mnavu kutumwa kwetu Mosocho kutoka Ulaya! Zipandeni tu nyuma ya jiko, maana huku hautakuwa na udongo tena.

Nisalimie Baba, na bibi aliyenifundisha kuchuma bila kuvunja shina, na shemeji anayetuletea barua kutoka posta.

Ile barua yangu nyingine nimeichana. Nitakuja nikiwa muuguzi.

Binti yako, ambaye sasa anakula,
Kwamboka