Pamba Iliyolala na Kabula

Mwangaluka, Baba Kabula. Nakusalimu wewe, mama yako, Kulwa na Doto, shangazi Nkwimba, na yule ng'ombe mwekundu mwenye mimba. Sisi tumefika Bariadi salama. Kabula anapumua, ingawa kifua bado kinapiga filimbi kidogo.

Daktari amesema njia za hewa kifuani zimezungukwa na misuli. Vumbi likiingia, umeme kidogo unapita kwenye hiyo misuli, nayo inajikaza mpaka njia inakuwa nyembamba. Niliposikia umeme, nikamvua mtoto bangili ya shaba haraka. Daktari akacheka. "Mama, umeme huo hauwashi hata tochi." Nikamwambia, "Umenitoa nyumbani Ipililo mpaka hapa, usiudharau."

Akauliza mtoto analala wapi. Nikasema ukweli: juu ya pamba tuliyoijaza chumbani, maana siku hizi wanunuzi ni wengi, na baba yake haipeleki ushirika, anasubiri wapandishe bei. Akasema, "Kumbe mtoto analinda pamba, na pamba inamkaba."

Dukani walikuwa na kadi hii ya twiga tu. Nimeitazama ile shingo nikawaza akibanwa na pumu itakuwaje, nikashindwa kumaliza soda.

Kula vizuri, mume wangu, na asubuhi usiache koti. Daktari haturuhusu kurudi chumba kikiwa bado kina vumbi. Mpe neno upesi dereva wa lori atuletee: pamba imetoka chumbani, au tukae huku mpaka bei ipande?

Mama Kabula